Tusingojee ugonjwa ndipo tutafute pesa



Kila kikundi chetu cha akiba kina visanduku viwili. Cha kwanza ni cha hisa, kile tunachokopa pesa ya biashara. Cha pili ni kidogo, nacho ni cha kusaidiana. Katika kila kikao kila mama anatia franka chache, awe ameuza vizuri au soko limemkatalia. Pesa ile haikopwi. Inangoja tu. Siku mtoto wa mwenzetu anaposhikwa na homa usiku, hakuna anayepita mlango kwa mlango kuomba. Wenye funguo wanaitwa, kisanduku kinafunguliwa, mtoto anafika kwenye kituo cha afya.

Wiki hii tunaongea juu ya kisanduku cha namna hiyo, lakini kikubwa zaidi: pesa ambayo serikali inaweka, au haiweki, kwa ajili ya magonjwa ya mlipuko. Wengi wetu tunafikiri bajeti na sheria ni mambo ya wakubwa wa Kinshasa. Lakini siku ugonjwa unapoingia kartye, bajeti ile ndiyo inayoamua kama muuguzi ana glavu, kama chanjo iko karibu au iko ng'ambo ya bahari, na kama mama mwenye mimba anayetoka damu atapokelewa au atarudishwa nyumbani.

Milipuko miwili, mwendo tofauti

Tuanze na mambo yaliyotokea hapa kwetu.

Tarehe 20 Agosti 2025, mwanamke mwenye mimba, wa umri wa miaka 34, alilazwa katika hospitali ya Bulape, jimbo la Kasai. Alikuwa na homa, anatapika, anatoka damu. Siku chache baadaye alifariki. Vipimo vilionyesha Ebola, na tarehe 4 Septemba serikali ilitangaza mlipuko wa 16 katika inchi yetu tangu ugonjwa huo ulipojulikana Yambuku mwaka 1976. Wafanyakazi wa afya walikuwa kati ya watu wa kwanza kufa.

Njia ya kufika Bulape ni mbaya. Hata hivyo kazi ya kuchanja ilianza mapema mwezi ule ule wa Septemba. Kwa nini? Kwa sababu dozi 2,000 za chanjo ya Ebola pamoja na dawa za kutibu zilikuwa zimekwisha kuwekwa Kinshasa kabla ya ugonjwa kutokea. Hakuna aliyeanza kuomba. Kisanduku kilifunguliwa, na dozi nyingine zikafuata kutoka akiba ya dunia. Tarehe 1 Desemba 2025 mlipuko ulitangazwa kuwa umekwisha. Watu 64 walikuwa wameugua, na 45 kati yao walifariki. Ni vifo vingi, na kila jina linaliliwa nyumbani. Lakini ugonjwa haukutoka katika zone ile ya afya na kwenda kumaliza miji.

Sasa tazama mpox. Mtu wa kwanza duniani kujulikana kuwa na ugonjwa huu alikuwa mtoto mchanga wa hapa kwetu, mwaka 1970. Kwa hiyo ni ugonjwa tunaoujua kwa zaidi ya miaka 50. Mnamo Septemba 2023 aina mpya yake ilianza kuonekana Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu katika Kivu ya Kusini. Ilifuata barabara, ikaingia Bukavu na Goma, kisha ikavuka mipaka mpaka Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Mwaka 2024 watoto wa chini ya miaka 15 walikuwa sehemu kubwa ya wagonjwa katika inchi yetu.

Chanjo ilikuwepo duniani. Watu wa Ulaya na Marekani walikwisha kuipata mwaka 2022, mpox ilipofika kwao. Lakini sisi hatukuwa na akiba, hatukuwa tumeweka pesa ya kuagiza, na ruhusa ya serikali yetu ya kuitumia chanjo hiyo ilitoka mwezi wa Juni 2024 tu. Tarehe 13 Agosti 2024 kituo cha Afrika cha kupambana na magonjwa, Africa CDC, kilitangaza hali ya hatari kwa bara lote. Kesho yake OMS ikatangaza kwa dunia nzima. Dozi za kwanza, karibu 99,000, zilishuka kwenye uwanja wa ndege wa Kinshasa tarehe 5 Septemba 2024, zikiwa zawadi ya Ulaya. Sindano ya kwanza ilitolewa Goma tarehe 5 Oktoba. Na dozi hizo za kwanza zilikuwa za watu wazima, si za watoto.

Hesabu wewe mwenyewe: kutoka Kamituga mpaka sindano ya kwanza ni zaidi ya mwaka mmoja. Katika muda huo, nani aliwaosha watoto wenye vidonda? Nani aliacha meza yake sokoni? Nani alilala kitanda kimoja na mgonjwa kwa sababu nyumba ni ya chumba kimoja? Ni mama.

Pesa inayokuja mbio ina madhara yake

Mtu anaweza kusema: si neno, ugonjwa ukiwa mkubwa wazungu wataleta pesa. Ni kweli, mara nyingi inakuja. Lakini tumeona inavyokuja.

Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri ilitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na ikamalizika tarehe 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 walifariki. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wanawake, na zaidi ya robo walikuwa watoto. Magari meupe yalijaa Beni, Butembo na Bunia. Watu wakaona dola nyingi zinapita barabarani, huku kituo cha afya cha kijiji hakina hata dawa ya malaria. Hasira ilizaliwa pale, na wengine wakaanza kusema kwamba Ebola ni biashara.

Wakati ule ule surua ilikuwa inaua watoto wetu. Mwanzoni mwa Januari 2020, OMS ilisema watu zaidi ya 6,000 wamekufa kwa surua katika inchi yetu tangu mwaka 2019 kuanza. Wengi wao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Ni zaidi ya mara mbili ya vifo vya Ebola. Tena chanjo ya surua ni ya zamani na ya bei ndogo. Lakini surua haiogopeshi watu wa mbali, kwa hiyo haikuletewa magari meupe. Pesa ya mgeni inafuata hofu ya mgeni. Hilo si tusi kwa mgeni, ni hali ya dunia: kila mtu anazima kwanza moto unaoweza kufika kwake.

Na kuna jambo jingine ambalo hatupaswi kulinyamazia. Tarehe 28 Septemba 2021, tume huru iliyoundwa kwa ombi la OMS ilitoa ripoti yake juu ya kazi ya Ebola ya 2018 mpaka 2020. Ilipata washukiwa 83 wa unyanyasaji wa kingono, na 21 kati yao walikuwa wameajiriwa na OMS yenyewe. Wanawake na wasichana walisimulia kwamba waliahidiwa kazi ya kupika, ya kufua, ya kuhamasisha, kisha wakadaiwa mwili. Pesa nyingi zikiingia kwa haraka mahali penye njaa, bila masharti yaliyoandikwa mapema na bila mtu wa kupokea malalamiko, wanaolipa ni binti zetu. Kujitayarisha si dawa na glavu tu. Ni pia kujua kabla ya siku ya hatari nani ataajiriwa, kwa njia gani, na mwanamke aliyeonewa atasemea wapi.

Mlango uliofungwa ng'ambo

Mwaka 2025 tulipata funzo lingine. Tarehe 20 Januari, siku aliyoingia madarakani, Rais Trump wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha misaada ya inchi za nje kwa siku 90, na nyingine ya kuitoa Marekani katika OMS. Tarehe 1 Julai shirika la USAID lilifunga kazi zake. Mwezi ule ule Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kurudisha karibu dola bilioni 9 ambazo lenyewe lilikuwa limeshakubali zitumike, na sehemu kubwa zilikuwa za misaada ya nje.

Kumbuka kwamba mwaka 2024 Marekani peke yake ilikuwa inalipa karibu asilimia 70 ya misaada ya dharura katika inchi yetu. Mlango wa namna hiyo ukifungwa, upepo unasikika mpaka kijijini. Katika majimbo ya mashariki, hata dawa ambazo mwanamke aliyebakwa anapaswa kuzipata ndani ya saa 72 ili kujikinga na SIDA zilipungua katika vituo vingi.

Lakini tuangalie pia jambo dogo lililotokea ndani ya Bunge lile. Katika pesa zilizotakiwa kukatwa, kulikuwa na dola milioni 400 za PEPFAR, mpango ulioanza mwaka 2003 wa kupambana na SIDA. Baadhi ya maseneta walikataa. Walisema hizo zisiguswe, na zikaondolewa katika orodha ya kukatwa. Maana yake ni nini kwetu? Ni kwamba bajeti si mvua inayoshuka kutoka mbinguni. Ni watu wameketi, wanapiga kura, na wakipewa sababu wanaweza kubadili msitari mmoja. Sisi hatuna sauti katika Bunge la Washington. Hatukulichagua. Tunalo letu.

Mwezi wa Septemba 2025 Marekani ilitangaza njia yake mpya ya kusaidia afya: makubaliano ya inchi kwa inchi, na kila inchi inatakiwa kuongeza pesa yake yenyewe mwaka kwa mwaka. Mtu apende au asipende, swali limerudi nyumbani. Sisi wenyewe tunatia kiasi gani?

Ahadi zilizoandikwa

Hatukosi maandishi. Kifungu cha 47 cha Katiba yetu kinasema haki ya afya imehakikishwa. Sheria namba 18/035 ya tarehe 13 Desemba 2018 iliweka misingi ya afya ya watu wote. Tangu Septemba 2023 serikali ilianza mpango wa mama kuzaa bila kulipa, kwanza Kinshasa, kisha katika majimbo mengine. Mwezi wa Aprili 2001, wakuu wa inchi za Afrika walikutana Abuja, Nigeria, wakaahidi kwamba kila inchi itatenga angalau asilimia 15 ya bajeti yake kwa afya. Zaidi ya miaka 20 imepita, na inchi nyingi, yetu pamoja nazo, bado hazijaitimiza ahadi hiyo.

Kuna pia maandishi mapya ya dunia. Tarehe 20 Mei 2025, katika mkutano wa OMS pale Genève, mataifa yalikubali mkataba juu ya magonjwa yanayoenea dunia nzima. Unataka chanjo na dawa zigawanywe kwa haki zaidi, ili yale yaliyotokea wakati wa Korona, inchi tajiri kujaza ghala huku nyingine zikingoja, yasirudie. Lakini mkataba huo hautaanza kufanya kazi mpaka inchi 60 ziuridhie kwa njia ya sheria zao. Tena hakuna mkataba unaolazimisha inchi kununua sabuni ya kituo chako cha afya.

Sheria bila pesa ni kama sufuria nzuri isiyo na unga. Unaweza kuiweka juu ya moto asubuhi yote, watoto bado watalala na njaa. Ndiyo sababu mwenye kutaka kujua kama ahadi ni ya kweli anaangalia bajeti. Na katika bajeti kuna namba mbili: ile iliyopigiwa kura, na ile iliyotoka kweli. Pesa inaweza kuandikwa kwa mwino mzuri na isifike kamwe kwenye zone ya afya. Katika kikundi chetu tusingekubali mtunza hesabu atuonyeshe daftari tu bila kufungua kisanduku.

Wengine watajibu: inchi iko katika vita, serikali haina pesa. Neno hilo ni zito, hatulidharau. Lakini katika kikundi chetu wako wamama waliokimbia vita na bado wanatia franka chache katika kisanduku cha kusaidiana. Hawatii kwa sababu wametajirika. Wanatia kwa sababu wanajua ugonjwa hauangalii kama una pesa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na dozi 2,000 zilizokuwa zinangoja Kinshasa zilionyesha kwamba akiba hata ndogo, ikiwekwa mapema, inaokoa siku nyingi na watu wengi.

Tufanye nini sisi?

Hatuna maboko katika hazina ya serikali, lakini tuna kalenda na tuna midomo.

Kalenda ni hii. Kwa Katiba yetu, serikali inapaswa kupeleka mswada wa bajeti katika Bunge la taifa kabla ya tarehe 15 Septemba kupita. Kikao cha bajeti kinaanza siku hiyo na kumalizika tarehe 15 Desemba. Kikao kingine cha kawaida ni kuanzia tarehe 15 Machi mpaka tarehe 15 Juni. Katikati ni likizo ya Bunge, wakati wabunge, wale tunaowaita madepite, wanaporudi kwa watu waliowachagua. Basi saa nzuri ya kumuuliza depite juu ya bajeti ni mwezi wa Julai na wa Agosti, kabla ya kalamu kuandika. Ukimngoja mwezi wa Desemba, chakula kimekwisha kupakuliwa. Bunge la jimbo nalo linapiga kura ya bajeti ya jimbo, na madepite wa jimbo wako karibu zaidi.

Akija kutusalimu, tumpokee kwa heshima, tumpe kiti, tuimbe ikiwa ni desturi. Halafu, kabla ya picha, mama mmoja asimame na maswali yaliyoandikwa. Si matusi, si siasa ya chama. Maswali tu:

Mwaka uliopita, pesa ya afya iliyopigiwa kura ilikuwa kiasi gani, na iliyotoka kweli ni kiasi gani?

Katika bajeti kuna msitari wa milipuko ya magonjwa? Pesa yake inaweza kutumika siku ile ile ugonjwa unapotangazwa, au lazima kungoja sahihi nyingi?

Serikali imelipa sehemu yake ya kununua chanjo za watoto?

Wauguzi wa zone yetu wamelipwa?

Mlipuko ukija, nani atasimamia ajira, na mwanamke aliyeonewa atamwona nani?

Yeye ajibu mbele ya watu, na katibu wa kikundi aandike tarehe na majibu katika daftari. Mwaka utakaofuata daftari lile litafunguliwa tena mbele yake. Mama anayekumbuka deni anaheshimiwa sokoni, na atasikilizwa pia na depite.

Najua kuna sehemu ambapo vita imekata njia na depite hawezi kufika. Hapo bado tuna CODESA, kamati ya maendeleo ya aire ya afya, ambayo ndani yake wakaaji wanaketi pamoja na muuguzi mkuu wa kituo. Je, katika CODESA yako kuna wamama wangapi? Wanasema au wanaleta chai tu? Pale ndipo tunapoweza kuuliza mambo ya karibu: maji yapo kwenye kituo? Glavu zimebaki ngapi? Javel ipo? Wareko wanaopita nyumba kwa nyumba wanajua dalili gani za kutangaza, na wanatumia simu ya nani? Ugonjwa unaogunduliwa wiki ya kwanza ni mdogo. Wa wiki ya sita ni moto wa kiangazi.

Na nyumbani kwetu, tusisahau fishi ya chanjo ya mtoto. Bajeti kubwa kuliko zote haiwezi kumsaidia mtoto ambaye mama hakumpeleka siku ya chanjo. Sisi tukitimiza sehemu yetu, tunauliza tukiwa na nguvu.

Katika kikao cha wiki hii, kabla ya kuhesabu hisa, mwenye kisanduku cha kusaidiana akiweke mezani kikiwa wazi, wote wakione. Kisha kila mama aseme mara ya mwisho kilipofunguliwa na ni kwa ajili ya mtoto wa nani. Mkimaliza, chagueni wawili wa kwenda CODESA na mmoja wa kuandika maswali ya depite, na mtuletee majibu mtakayopewa. Tutayachapa hapa, pamoja na tarehe.